Kikopo Kwenye Pamba

Kama wewe unayesoma haya umepewa kikopo cheupe leo, ukaambiwa umeze kidonge kimoja kila siku maisha yako yote, neno langu la kwanza kwako ni hili: usikifiche kwenye pamba. Mengine nitakueleza taratibu, lakini hilo nimeona nilitangulize.

Naitwa Minza. Naishi Kasoli, Bariadi, na mume wangu Masunga pamoja na mama yake, ambaye hapa kwetu Usukumani namwita mayu, yaani mama, kama anavyomwita mwanawe. Tunalima pamba, mahindi na choroko, na tuna ng'ombe wachache ambao mayu anawajua kwa rangi na kwa tabia zao. Kuandika si kazi yangu. Nimeshika kalamu kwa sababu juzi juzi, baada ya msimu wa pamba, nilijitolea kwenye siku ya uhamasishaji wa UKIMWI iliyofanyika uwanjani kwetu, na niliyoyaona pale nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Ila ili uyaelewe, inabidi turudi nyuma miaka minane, wakati wa palizi.

Nilikuwa shambani nikahisi upande mmoja wa mgongo unawaka. Nikadhani ni jua. Kesho yake yakatoka malengelenge, mstari mzima kutoka uti wa mgongo mpaka chini ya titi, na maumivu yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba hata kitenge kikigusa nalia. Masunga aliangalia akaniuliza kama nimemwagikiwa na uji. Baadaye niliambiwa ule ni mkanda wa jeshi. Mwili nao ukaanza kuniaga. Sketi zikawa zinateleza, nikazifunga kwa kamba. Ulimini pakaota utando mweupe, ugali wote ukawa na ladha ya msumari. Na katikati ya hayo yote nilikuwa na mimba changa.

Mayu alinitazama siku tatu, ya nne akasema, "Hii si bure." Akanipeleka kwa mfumu, mganga wetu wa jadi, kuku akapasuliwa, ikasomwa ndani yake kwamba mizimu ya kwa marehemu mume wangu wa kwanza, aliyefia Maswa, inadai mbuzi. Mbuzi akatolewa. Wiki mbili baadaye malengelenge yakakauka, kwa sababu huo ugonjwa hukauka wenyewe, lakini sifa zote alichukua mbuzi. Simcheki mayu. Alikuwa ananipigania kwa silaha aliyokuwa nayo.

Kliniki ya wajawazito nilikwenda Bariadi mjini, na kwa kuwa walisisitiza tuje na waume zetu, Masunga alifuatana nami. Tulikaa kwenye benchi refu la mbao kuanzia asubuhi. Wanaume walikuwa watatu tu, wote wanatazama sakafu. Tulipimwa damu wote wawili, tukaitwa ndani kwa pamoja na muuguzi mmoja wa Tanga, mnene, mwenye sauti ya taratibu, anayemwita kila mtu mpenzi. Kwetu Usukumani mtu mzima kuitwa mpenzi na mtu asiyemfahamu ni jambo la kushtua, Masunga alikaa wima kabisa. Huyo ndiye Sista Rehema.

Alituambia mimi nina virusi, Masunga hana.

Nilimfikiria mume wangu wa kwanza, aliyekohoa masika mazima akafa, tukaambiwa ni kifua. Kisha nikaacha kumfikiria yeye, nikaanza kusubiri Masunga asimame atoke. Hakusimama. Aliweka mikono juu ya magoti, akauliza neno moja tu.

"Mtoto?"

"Mtoto tutamlinda, mpenzi," Sista Rehema akamwambia. "Mama yake akimeza dawa kila siku, bila kuruka, mtoto aweza kuzaliwa salama. Na wewe pia utabaki salama."

"Basi ameze," akasema Masunga.

Nimeyarudia maneno hayo mawili moyoni mara nyingi sana. Tuliporudi, nusu ya safari, alisimamisha pikipiki kando ya barabara, hakugeuka, akaongea huku anatazama mbele. "Minza, mimi sina neno. Lakini mayu asijue. Akijua yeye, amejua kila mtu, na atakufukuza." Nikakubali. Pale ndipo kazi ya kuficha ilipoanza, na nakwambia ukweli, kuficha kulinichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Mayu ni mtu wa kufungua. Chungu kikifunikwa anafunua, mfuko ukifungwa anafungua, si kwa ubaya, ni nyumba yake. Nilificha kikopo kwenye debe la mbegu, akaja kupepeta mbegu. Nikakiweka kwenye paa, panya wakakishusha. Ukaja wakati wa mavuno, na anayelima pamba anajua: mpaka soko lifunguliwe, pamba inalala ndani ya nyumba. Chumba chetu kilijaa rundo jeupe kutoka sakafuni mpaka karibu na bati, sisi tumebakiwa na kitanda na njia ya kupita. Nikasema hapa ndipo. Kila siku saa mbili usiku, redio ikianza taarifa ya habari, mayu na mwanawe wakiwa barazani wamenyamaza kusikiliza, mimi nilizamisha mkono kwenye pamba mpaka begani, nikatoa kikopo, nikatia kidonge mdomoni, nikarudisha. Kilikuwa hakilii mle ndani. Nilijiona mjanja mno.

Dawa za wakati ule zilinipa kizunguzungu na ndoto za ajabu, nikiota nalima shamba lisilokuwa na mwisho. Ikiwa nawe unaota hivyo, vumilia, hupita. Baada ya wiki kadhaa ugali ukaanza kuwa ugali tena. Asubuhi moja niliamka nikahisi njaa, njaa ya kweli, nikalia kwa furaha mbele ya kiporo cha viazi.

Kliniki yenyewe ilikuwa na adabu yake. Kila aliyekaa benchini alikuwa amekuja "kumsindikiza mtu". Nilikutana pale na mama mmoja wa huku huku Kasoli, tukatazamana, yeye akavuta khanga usoni na mimi nikajifanya nasoma tangazo la vyandarua. Tulikutana hivyo miezi mitatu. Mwezi wa nne alininunulia andazi, akaliweka kwenye paja langu bila kusema kitu, akarudi kutazama mbele. Hadi leo hatujawahi kulizungumzia lile andazi, na hakuna chakula nilichowahi kupewa ambacho kilinituliza vile.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Soko la pamba lilifunguliwa siku ambayo mimi nilikuwa kliniki. Niliporudi mchana, mimba ya miezi minane mbele yangu, nilikuta chumba kitupu. Sakafu imefagiwa. Masunga na mayu walikuwa wameshindilia pamba yote kwenye magunia, wakapakia mkokoteni wa ng'ombe, wakaenda kituo cha kununulia pamba. Masunga hakuwahi kuniuliza nakificha wapi kikopo, na mimi sikuwahi kumwambia.

Nilikimbia. Najua mjamzito hakimbii, lakini mimi nilikimbia, nimeshika tumbo kwa mikono miwili, na watu njiani wakaniuliza kama nimefiwa.

Pale kituoni karani alikuwa Luhende. Kama hujawahi kuuza pamba huku, nikueleze: wapo wakulima wanaotia mchanga au jiwe kwenye gunia ili mizani ikubali zaidi, kwa hiyo karani huzamisha mkono ndani ya gunia kabla ya kupima, na akihisi kitu, gunia zima linamwagwa kwenye turubai mbele ya watu. Ni aibu kubwa. Luhende alikuwa karani mwenye heshima, mwanaume wa miaka kama arobaini aliyefiwa na mkewe, mkono mwepesi, maneno machache. Wazee wasiojua kusoma walimpenda kwa jinsi alivyowashika dole gumba, akaligandamiza kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi polepole, likatoka safi. Mayu, ambaye ndiye mwanachama kwenye chama chetu cha msingi, hakukubali kushikwa kidole na mwingine. Alikuwa akisema huyo Luhende ana mkono wa kuzalisha ndama.

Nilifika wakati gunia letu la tatu linamwagwa.

Kikopo kilidondoka kwenye turubai, kikavingirika, kikalia kama kayamba. Watu wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Mawe ya siku hizi yana vifuniko!" Halafu kicheko kikafa kidogo kidogo, maana wapo waliokifahamu kile kikopo. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Hizo si zile dawa?" Mayu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Akainama kukitazama. Masunga uso ulimgeuka majivu. Mimi nilikuwa kwenye ukingo wa umati, nimeshika nguzo ya ghala, nikawaza kwamba sasa nafukuzwa, mimi na huyu aliyemo tumboni.

Luhende akamtangulia mayu. Alikiokota, akakipangusa nyuzi za pamba, akakitia kwenye mfuko wa shati lake.

"Ni changu," akasema. "Kimenidondoka nilipozamisha mkono. Rudisheni pamba ya watu kwenye gunia, tuendelee."

Akachukua kalamu, akapima gunia letu, akaandika. Ilipofika zamu ya mayu kuweka dole gumba, Luhende alinyoosha mkono kumshika kama miaka yote. Mayu akarudisha mkono wake nyuma. Akajitia wino mwenyewe, akaligonga mwenyewe kwenye karatasi, likatoka doa tupu.

Nilisubiri nyuma ya ghala mpaka watu wakapungua. Luhende akaja, akanipa kikopo mkononi, hakukitazama.

"Ulijuaje ni changu?" nikamuuliza.

"Nilikuona ulivyoshika ile nguzo," akasema. Kisha akaongeza, "Dada yangu alikuwa nacho kama hicho. Alikitupa chooni kwa kuwaogopa wakweze. Tulimzika wakati wa kupanda. Usiruke hata siku moja. Nenda."

Hivyo tu. Ningeweza kukuambia nilimshukuru, lakini sikumshukuru. Nilikitia kifuani, nikaondoka.

Limi alizaliwa kiangazi kile, na ndiyo maana anaitwa Limi, jua. Tulimpa dawa ya maji kwa siku alizopangiwa, na mayu tukamwambia ni ya tumbo. Alipimwa wiki ya sita. Alipimwa miezi tisa. Kila mara nilikaa kwenye lile benchi nikihesabu misumari ya ukutani. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha mwezi wa kumi na nane, mvua zimeanza, na Sista Rehema alitoka nje mwenyewe badala ya kuniita ndani. "Huyu hana kitu, mpenzi. Mchukue nyumbani." Limi alikuwa anakula udongo wa ukingo wa maua. Nilimtazama yule mtoto, aliyelala miezi tisa ndani ya mwili wenye virusi akatoka safi, nikakaa chini pale pale kwenye matope. Sijapata kuelewa inawezekanaje, hata nielezwe mara ngapi. Baadaye nami nikaambiwa virusi vyangu havionekani tena kwenye kipimo, wala siwezi kumwambukiza Masunga. Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki, mashavu yamerudi, nikacheka peke yangu.

Lakini wakati mimi nanenepa, Luhende alikuwa analipa. Siku ile pale kituoni ilikuwa imebaki miezi michache aoe tena. Ng'ombe wa mahari walikwishapelekwa kwa wakwe zake, upande wa Maswa. Habari za kikopo zikafika. Na kwetu, ukikataliwa, ng'ombe hurudi kwa miguu. Walirudishwa mchana kweupe, wakapitishwa barabara ya katikati, kila mtu akawaona. Mimi nilikuwa kisimani. Niliwaona wakipita, vumbi limewajaa, yule wa mbele mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, nikainamisha kichwa nikaendelea kuteka maji.

Naandika hili na uso unaniwaka. Neno moja langu lingetosha. Sikulisema mwaka ule, wala uliofuata. Wakulima wakawa wanaweka kalamu mezani ndipo yeye aichukue, badala ya kumpa mkononi. Wazee wakaleta wino wao. Luhende akaendelea kupima pamba. Tukikutana njiani ananisalimu "Mwadila, mayu," salamu yetu ya mchana kwa mama yeyote, kwa heshima ile ile, na kumtazama Limi, na kupita.

Ndipo mwaka huu Sista Rehema akanipigia simu. Kuna shirika linaleta siku ya uhamasishaji Kasoli, na wanataka watu wa kujitolea wanaojua wenyeji. Kazi ni kugawa maji, kuandikisha watu na kuwaelekeza kwenye hema la kupimia. Nikamwambia Masunga. Akafikiri. "Vaa tisheti yao," akasema, "lakini usishike maiki."

Ilikuwa baada ya pamba kuuzwa, majira ya mbina, yaani ngoma zetu za mashindano. Kwenye mbina hakuna jaji mwenye karatasi. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, huku na huku ya uwanja, na watazamaji wanakimbilia wanakofurahia. Mwenye watu wengi kashinda. Waandaaji walileta kundi la majembe, linalocheza na majembe mikononi, na kundi la chatu, linalocheza na chatu hai, wakalisimika hema la kupimia katikati kabisa, wakiamini watu watapitia pale. Hesabu ya watu wa ofisini hiyo. Katikati ya mbina ndiko hakuna mtu, na anayekatiza pale anaonekana na uwanja mzima.

Kwa hiyo mpaka saa sita mchana, hema lilikuwa tupu. Mimi nilikaa kwenye meza ya mbele yake na karatasi za mahudhurio na kidau cha wino, maana shirika lilitaka kila anayepimwa aweke sahihi au dole gumba. Pembeni yangu benchi la kusubiria. Sista Rehema alitoka ndani, akatazama ule umati, watu wanagombea kumshika chatu mzima kwa mikono, akasema, "Minza weye, watu hawa nyoka hawamwogopi, wanaogopa kijisindano cha kidole?" Nikamwambia nyoka hatangazi majibu.

Mama mmoja alijitokeza kwa kuzunguka nyuma, akakaa benchini ameinamisha kichwa. Nilifurahi. Halafu nikamwona Luhende.

Alikuja katikati ya uwanja, wazi, na shati lake la kituoni, mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Akasimama mezani kwangu. "Niandike," akasema. "Mimi nimekwishachafuka, acha niwatangulie wasafi." Akatabasamu kidogo, akaenda kukaa.

Yule mama akainuka. Akapangusa kitenge chake mahali kilipokuwa karibu naye, akaenda kusimama mbali. Kutoka upande wa majembe mtu akapaza sauti, "Karani, unapima nini tena? Si unavyo vikopo vyako!" Kicheko kikapita uwanja mzima. Luhende hakugeuka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Sikuamua. Ningependa kukuambia niliamua kishujaa, lakini miguu ndiyo iliyonyanyuka. Nilimwendea mshereheshaji, nikachukua maiki, ngoma zikanyamaza upande mmoja, halafu upande wa pili. Nilimwona Masunga nyuma kabisa na baiskeli yake. Nilimwona mayu, amekaa mbele kwenye kigoda chake, Limi katikati ya magoti yake.

"Mnanijua," nikasema. "Minza, mke wa Masunga. Kile kikopo kilichodondoka kwenye turubai miaka minane iliyopita kilikuwa changu. Nilikificha kwenye pamba. Karani alisema chake ili mimi nisifukuzwe. Tumbo lililokuwa na huyu Limi mlikuwa mnaliona. Mimi ndiye mwenye virusi, sijafa, mwanangu hana, mume wangu hana. Na ng'ombe wa huyu mwanaume walirudi kwa sababu yangu, mimi nikiwa natazama." Nilitaka kuongeza kitu cha maana kuhusu upimaji, nilikuwa nimefundishwa, lakini sauti ilikatika. Nikarudisha maiki.

Chatu alikuwa anatambaa taratibu kwenye mabega ya mchezaji, na mchezaji amemsahau.

Masunga nimmalizie hapa hapa: aligeuza baiskeli akaondoka. Hatukusemeshana siku tatu. Ya nne alipigilia kibao ukutani jikoni, juu ya chumvi, akaniambia, "Weka hapa." Kikopo kipo hapo mpaka sasa. Wengine msamaha wao ni useremala.

Sasa mayu. Alimwondoa Limi magotini, akasimama. Ni mama wa miaka sabini na zaidi, goti moja bovu, na ule uwanja aliuvuka kwa fimbo yake bila haraka, sisi wote tunamtazama. Nilijua anakuja kwangu. Nilijiandaa kufukuzwa mbele ya watu, nikasema moyoni, basi, na iwe. Alinipita. Akaenda mpaka kwenye benchi, mbele ya Luhende, akapiga magoti chini kwenye vumbi. Mama mzee hapigii magoti mwanaume anayelingana na mwanawe, kwetu hilo halipo. Luhende aliruka kumwinua.

"Mayu, hapana, inuka."

"Wabeja, baba," mayu akamwambia. Asante. "Umenitunzia mjukuu. Na mimi nikakunyima kidole."

Akainuka kwa kumshikilia, akanigeukia. Alinitazama muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Miaka minane," akasema. "Na mbuzi wangu nikatoa bure."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, sikuweza kutenganisha. Mayu hakucheka. Alivuta kiti cha mbele ya meza yangu, akakaa.

"Niandike. Mimi napima."

Nikamwandika. Nikageuza karatasi, nikafungua kidau cha wino, nikamwonyesha mahali pa kuweka dole gumba, nikanyoosha mkono kumsaidia. Akaufumba mkono wake. Nyuma yake niliwaona watu wawili, watatu, wanakuja, na yule mama aliyepangusa kitenge alikuwa miongoni mwao. Upande wa chatu umati ulikuwa umeanza kulegea, upande wa majembe pia, wote wanaelekea katikati, na kiongozi wa majembe alisikika akilalamika kwamba hema limewashinda mbina bila hata ngoma.

"Mayu," nikamwambia, "watu wanasubiri. Lete kidole."

"Wewe hujui," akasema. "Utalichafua. Mwite karani."

Luhende akaja, akainama mezani. Mayu akafumbua mkono, akampa dole gumba.

"Shika," akamwambia.

Akalishika.